Baka kwenye ngozi, kasoro ndani ya mfupa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu magonjwa adimu ya mishipa

Maswali haya nimeyasikia kwenye mabenchi ya kliniki kwa miaka tisa, tangu binti yangu alipozaliwa na baka la rangi ya zambarau kuanzia nyonga hadi kisigino. Mengi niliyauliza mimi mwenyewe kwanza, mengine nikaja kuulizwa na kina mama waliokaa pembeni yangu. Majibu hayachukui nafasi ya daktari. Yatakusaidia kujua cha kumuuliza.

## Mwanzo kabisa

1. Magonjwa ya mishipa ni yapi hasa?

Mwili una ateri zinazotoa damu kwenye moyo, vena zinazoirudisha, kapilari zilizo nyembamba kuliko unywele katikati yake, na mishipa ya limfu inayokusanya majimaji yaliyobaki kwenye nyama. Kila aina inaweza kuota vibaya. Kapilari zikitanuka, ngozi huwa na baka bapa. Vena zikiwa na kasoro, panatokea uvimbe laini wa bluu unaobonyea. Kasoro za limfu hufanya malengelenge au uvimbe wenye maji. Ateri ikiungana na vena moja kwa moja bila kapilari kati yake, damu hupita kwa kasi, na hiyo ndiyo aina inayohitaji uangalizi wa karibu zaidi.

2. Nimeambiwa ni "hemanjioma". Je, itaisha yenyewe?

Swali hili naomba usilipite haraka, maana ndilo lililotupotezea miaka miwili. Tuliambiwa mguu wa binti yetu una hemanjioma, tusubiri, itanyauka. Haikunyauka, kwa sababu haikuwa hemanjioma.

Hemanjioma ya watoto wachanga ni uvimbe halisi, yaani chembe zake zinazaliana. Kwa kawaida mtoto huzaliwa bila kitu au na alama hafifu, kisha katika wiki za kwanza inaanza kukua. Hukua kwa kasi sana katika miezi mitatu hadi mitano ya mwanzo, halafu husinyaa polepole kwa miaka. Huwapata zaidi watoto wa kike na waliozaliwa njiti.

Kasoro ya mishipa ni kitu kingine. Mtoto huzaliwa nayo, hata kama haijaonekana, na hukua sawasawa na mwili wake. Haisinyai. Inaweza kuvimba ghafla wakati wa balehe, wakati wa ujauzito au baada ya kuumia.

Tofauti hii iliwekwa wazi mwaka 1982 na John Mulliken na Julie Glowacki huko Boston, Marekani, na ndiyo msingi wa mgawanyo ambao wataalamu duniani wanautumia leo. Bado neno hemanjioma linabandikwa kwa kila kitu chekundu. Kwa hiyo muulize daktari wako: "Huu ni uvimbe unaokua na kusinyaa, au ni kasoro aliyozaliwa nayo?" Majibu mengi yaliyo chini yanategemea jibu la swali hilo.

3. Ni kosa la nani? Nilikula nini nikiwa mjamzito?

Si kosa la mtu. Si chakula, si laana, si jicho la jirani. Nyingi ya kasoro hizi hutokana na badiliko la jeni lililotokea kwenye chembe moja ya mtoto akiwa bado anajengeka tumboni. Chembe hiyo inapogawanyika, chembe zote zinazotoka kwake hubeba badiliko hilo, na ndiyo maana mguu mmoja unaathirika huku mwingine ukiwa mzima kabisa. Badiliko halikutoka kwa baba wala kwa mama, na kwa kawaida halirithishwi kwa mtoto anayefuata. Zipo aina chache zinazopita kwenye familia. Ukiona mabaka madogo mengi kwa ndugu kadhaa, mweleze daktari.

Nimeona ndoa zikivunjika kwa swali hili. Ukiweza, nenda kliniki na mwenzako, asikie jibu kwa masikio yake.

4. Mtoto wangu ni mweusi, na vitabu vinasema "baka jekundu". Nitalitambuaje?

Kwenye ngozi nyeusi baka la kapilari linaweza kuonekana kama sehemu iliyokolea zaidi, ya kahawia, zambarau au karibu nyeusi, hivyo wengine hulidhania doa la kawaida la kuzaliwa. Litazame mchana kwenye mwanga wa jua. Mtoto akilia, huwa linakolea. Weka kiganja juu yake, kisha kwenye upande mwingine, ulinganishe joto. Halafu pima kwa futi ya fundi cherehani: urefu wa miguu yote miwili, unene wa paja, unene wa shavu la mguu. Andika tarehe. Daftari letu la vipimo vya cherehani ndilo lililomfanya daktari mmoja asimame na kusema, "Hii si alama tu."

5. Ngozi na mfupa vinakutania wapi?

Mfupa ni kitu kinachoishi na unanyweshwa damu. Mguu unaopata damu nyingi kupita kiasi, au uliojengwa na chembe zenye jeni inayohimiza kukua, unaweza kurefuka kuliko mwenzake. Mara nyingine mishipa isiyo ya kawaida huota ndani ya mfupa wenyewe na kuula. Kwa hiyo alama ya nje inaweza kuwa bango linaloonyesha kinachoendelea chini. Na kinyume chake: baka dogo, bapa, lisilobadilika, mara nyingi ni baka tu.

## Magonjwa yenyewe

6. Klippel-Trenaunay ni nini?

Ni huu wa binti yangu. Madaktari wawili wa Ufaransa, Maurice Klippel na Paul Trenaunay, waliuelezea mwaka 1900. Una mambo matatu yanayokwenda pamoja: baka la kapilari, vena zenye kasoro (mara nyingi kuna mshipa mnene unaopanda upande wa nje wa mguu) na kiungo kilichonenepa au kurefuka. Mara nyingi ni mguu mmoja. Mishipa ya limfu nayo huhusika, na hapo ndipo vilengelenge vinavyochuruza maji hutoka.

Chanzo chake mara nyingi ni badiliko kwenye jeni iitwayo PIK3CA, ambayo kazi yake ni kuziambia chembe zikue. Badiliko likitokea, amri ya kukua haizimwi. Jeni hiyohiyo imeonekana kwenye magonjwa mengine kadhaa ya kukua kupita kiasi, ndiyo maana siku hizi yanawekwa kwenye kundi moja na hata dawa zake zinafanana (swali la 14).

Shida za kila siku ni maumivu, uzito wa mguu, maambukizi ya ngozi yanayorudirudi, na damu kuganda ndani ya vena. Wengine hutokwa damu kwenye haja kubwa au mkojo, kwa sababu kasoro imepanda hadi nyonga. Akili ya mtoto haiguswi na ugonjwa huu. Binti yangu anaongoza darasa lake kwa hesabu.

7. Mguu ni mkubwa, una joto, na nikiweka mkono nasikia kama mtetemo. Ni huohuo?

Pengine hapana. Joto, mtetemo na mvumo unaosikika kwa kile kifaa cha masikioni cha daktari ni dalili kwamba ateri zinamwaga damu moja kwa moja kwenye vena. Ugonjwa huo huitwa Parkes Weber, kwa jina la daktari wa London aliyeuchunguza mwanzoni mwa karne ya 20. Majina ya magonjwa haya mawili yalichanganywa kwa miaka mingi, na bado utakuta barua ya rufaa imeandika yote kwa mkupuo. Tofauti yake ina uzito, kwa sababu hapa moyo hufanya kazi ya ziada na unaweza kuchoka. Mtoto wa namna hii anahitaji kipimo cha moyo mapema, na asikatwe na mtu asiye na uzoefu.

8. Maffucci ni ugonjwa gani?

Angelo Maffucci, mtaalamu wa Italia, aliuelezea mwaka 1881. Mgonjwa huwa na vinundu vya gegedu ndani ya mifupa, hasa ya vidole vya mikono na miguu, pamoja na uvimbe wa mishipa ya damu kwenye ngozi, wa bluu, ambao ndani yake mara nyingi hufanyika vijiwe vinavyoonekana kwenye eksirei. Vidole hupinda na mifupa huvunjika kirahisi. Vinundu vya gegedu bila uvimbe wa damu huitwa ugonjwa wa Ollier, nao ni ndugu yake wa karibu. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba wagonjwa wengi wa yote mawili wana mabadiliko kwenye jeni za IDH1 au IDH2, ndani ya vinundu vyenyewe.

Jambo kubwa la kukumbuka ni saratani. Kinundu cha gegedu kinaweza kugeuka kuwa saratani ya gegedu, na kwa Maffucci hilo si jambo la nadra. Kinundu kilichokuwa kimya kikianza kuuma usiku, au kukua kwa mtu mzima ambaye mifupa yake imeshaacha kurefuka, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda.

9. Nimesikia mfupa unaweza kutoweka. Ni kweli?

Ni kweli. Mwaka 1838 huko Boston iliandikwa habari ya kijana aliyevunjika mkono, kisha mfupa wa sehemu ya juu ya mkono huo ukaisha wote taratibu. Mwaka 1955 Lemuel Whittington Gorham na Arthur Purdy Stout walikusanya wagonjwa wa aina hiyo pamoja, na ugonjwa ukachukua majina yao: Gorham-Stout. Mishipa, hasa ya limfu, huota ndani ya mfupa, na chembe zinazomeng'enya mfupa zinafanya kazi bila kusimama. Mahali pa mfupa hubaki nyuzinyuzi. Unaweza kushika bega, mbavu, taya, uti wa mgongo au nyonga, na ngozi iliyo juu inaweza kuwa na kasoro pia.

Mara nyingi hugunduliwa baada ya mvunjiko mdogo usiounga. Hatari kubwa ni pale mbavu au uti wa mgongo unapohusika, kwa sababu majimaji meupe ya limfu yanaweza kujaa kwenye kifua na kubana mapafu. Mgonjwa wa Gorham anayeanza kukosa pumzi apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tiba hutumia dawa zinazopunguza kuliwa kwa mfupa, dawa iitwayo sirolimusi (swali la 14), na mara nyingine mionzi. Kuna wagonjwa ambao ugonjwa husimama wenyewe, lakini hakuna anayeweza kukuambia mapema kama utakuwa mmoja wao.

10. Mtoto mchanga ana uvimbe mgumu wa zambarau na anavilia damu mwilini. Ni nini?

Hii ni dharura. Kuna uvimbe adimu wa mishipa, tofauti na hemanjioma ya kawaida, ambao hunasa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Uvimbe hukakamaa na kuuma, na mtoto anaanza kutokwa na damu au kuwa na michubuko pasipo kuumia. Haig Kasabach na Katharine Merritt walielezea hali hii mwaka 1940, na inabeba majina yao. Uvimbe unaweza kuingia hadi kwenye misuli na mifupa. Kuongezewa chembe sahani peke yake hakumalizi tatizo, kwa sababu uvimbe unazimeza nazo. Kinachotibiwa ni uvimbe wenyewe, kwa sirolimusi au dawa za steroidi.

11. Na vile vinundu vya bluu vinavyobonyea kama mpira?

Vikiwa vingi, tena mtoto ana upungufu wa damu usioisha, uliza kama utumbo umechunguzwa. Vinundu vya namna hiyo vinaweza kuwa ndani ya utumbo na kuvuja damu kidogokidogo kila siku. Vidonge vya madini ya chuma bila kutafuta chanzo ni kujaza ndoo iliyotoboka.

## Vipimo

12. Tuanze na kipimo gani?

Ultrasaundi ya Dopla. Haina mionzi, si ghali kama vingine, na inajibu swali la kwanza kabisa: damu inapita kwa kasi au polepole? Eksirei huonyesha mifupa na vijiwe. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ndiyo inayoonyesha kasoro imefika wapi, kwenye misuli, ndani ya mfupa, nyonga. Mtoto mdogo hulazwa usingizi wa dawa ili atulie, kwa hiyo ulizeni kabla kuhusu muda wa kukaa bila kula. Kabla ya upasuaji wowote wa vena pana zenye kasoro, damu ipimwe jinsi inavyoganda.

Baka likiwa kwenye paji la uso na kope, njia ni nyingine: macho yapimwe presha na mtoto aangaliwe degedege, kwa sababu kuna ugonjwa wa Sturge-Weber unaogusa ubongo na jicho.

13. Daktari anataka kuchukua kinyama cha kupima. Nikubali?

Mara nyingine ni lazima, hasa saratani ikishukiwa. Lakini picha zitangulie. Kukata kasoro yenye damu ya kasi kunaweza kuleta umwagaji mkubwa wa damu, na kuchokoa ubavu wenye Gorham-Stout kunaweza kufungulia majimaji ya kifuani. Kuuliza "Dopla imeonyesha nini?" si ukosefu wa heshima. Ninasema hivi kwa sababu najua jinsi tulivyolelewa kunyamaza mbele ya koti jeupe.

## Tiba

14. Zipo dawa za kunywa?

Kwa hemanjioma ya watoto wachanga ipo propranololi, dawa ya zamani ya moyo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi mtoto waliyempa kwa ajili ya moyo alivyoanza kupungua uvimbe wa usoni siku iliyofuata. Inapatikana kwingi na bei yake si ya kutisha. Hata hivyo si kila hemanjioma inaihitaji. Hupewa zile zilizo karibu na jicho, pua, mdomo au njia ya hewa, zenye vidonda, au kubwa. Inaweza kushusha sukari, kwa hiyo mtoto anyonye kabla ya dozi, na siku anayotapika au kukataa kula, dozi irukwe na daktari aulizwe. Kwa kasoro za swali la 2 dawa hii haifanyi kazi.

Sirolimusi ilianza kama dawa ya waliopandikizwa figo. Huzuia njia ileile ya kukua inayochochewa na jeni iliyobadilika, na imewasaidia wengi wenye kasoro za limfu na vena. Hupunguza kinga, hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Dawa mpya zaidi ni alpelisibu, inayoilenga PIK3CA yenyewe. Marekani iliiruhusu mwaka 2022 kwa wenye ukuaji mkali kuanzia umri wa miaka miwili. Bei yake kwa familia nyingi za kwetu haifikiki, na inaniuma kuandika hivyo.

15. Sindano, leza au upasuaji, kipi bora?

Kila kimoja kina kazi yake. Leza hupunguza rangi ya baka la kapilari, na kwenye ngozi nyeusi inahitaji mikono yenye uzoefu kwa sababu inaweza kuacha madoa. Kasoro za vena na limfu hudungwa dawa ya kunyausha mishipa huku daktari akiongozwa na ultrasaundi. Hurudiwa mara kadhaa, na lengo ni kupunguza maumivu na uvimbe kuliko kufuta kila kitu. Upasuaji una nafasi yake kwa uvimbe mdogo uliojitenga. Kuzifunga au kuzitoa vena kubwa za nje kwa mgonjwa wa Klippel-Trenaunay kabla ya kuhakikisha vena za ndani zipo na zinafanya kazi ni kosa, maana damu itakosa njia ya kurudi.

Soksi za kubana ndizo tiba isiyo na sifa, na ndizo tunazozitegemea kila siku. Dar es Salaam mwezi wa pili, na joto lile, mtoto anazichukia. Tunazivaa asubuhi kabla hajashuka kitandani, na tuna pea mbili ili moja ikauke.

16. Mguu mmoja umekuwa mrefu. Tufanye nini?

Pimeni kila miezi sita. Tofauti ndogo huzibwa kwa kuinua soli ya kiatu, na fundi viatu mzuri anaweza. Ikizidi sentimita mbili hivi, daktari wa mifupa huanza kuhesabu: anaweza kusimamisha ukuaji karibu na goti la mguu mrefu, kwa wakati uliopangwa, ili mfupi uufikie. Operesheni hiyo ina msimu wake. Ukichelewa hadi mifupa imefunga, nafasi imekwisha. Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifupa kabla ya balehe, hata kama hakuna kinachouma.

## Maisha na hali zisizo za kawaida

17. Binti amekua. Vipi uzazi wa mpango na ujauzito?

Mwenye kasoro pana za vena aepuke njia zenye homoni ya estrojeni, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda. Zipo njia nyingine zisizo nayo. Ujauzito unawezekana, na wengi wamejifungua salama, lakini uwe chini ya uangalizi wa mapema, na dawa ya kuzuia damu kuganda ijadiliwe.

18. Ni lini tukimbilie hospitali usiku?

Kukosa pumzi ghafla au maumivu ya kifua, kwani bonge la damu linaweza kuwa limefika kwenye mapafu. Damu isiyokoma baada ya kukandamiza dakika kumi huku mguu umeinuliwa. Homa pamoja na ngozi yenye joto, uvimbe na maumivu yanayosambaa. Mfupa uliovunjika bila sababu ya maana. Uvimbe uliokakamaa ghafla kwa mtoto mchanga (swali la 10). Kinundu kigumu kimoja kinachouma ndani ya vena, bila dalili nyingine, mara nyingi ni damu iliyoganda juujuu; mpigie daktari kesho yake.

19. Mimi ni mtu mzima, na vinundu vya zambarau vimetoka mwaka huu. Ni ugonjwa huuhuu?

Kasoro za kuzaliwa hazianzi kutoka nyingi kwa mpigo ukubwani. Afrika Mashariki, cha kwanza kufikiriwa ni saratani ya Kaposi, iliyoelezwa na Moritz Kaposi mwaka 1872 na ambayo virusi vyake viligunduliwa mwaka 1994. Kwetu ilikuwepo kabla ya Ukimwi, na ikaongezeka sana pamoja nao. Pima VVU.

Kuna ugonjwa unaofanana nayo kwa macho na ambao kila mtoa huduma anapaswa kuufikiria: maambukizi ya bakteria wa Bartonella kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka. Huletwa na paka au chawa wa mwilini, hutoa vinundu vyekundu kwenye ngozi na mara nyingine hula mfupa wa chini yake kwa maumivu makali. Erithromaisini au doksisaiklini, kwa miezi mitatu au zaidi, huuponya. Hapa kinyama cha kupima kinaokoa maisha, kwani tiba ya Kaposi haitaugusa.

20. Nilipiga picha ya mgongo kwa ajili ya maumivu, wakaandika "hemanjioma ya pingili". Nina saratani?

Hapana. Uvimbe mdogo wa mishipa ndani ya pingili za uti wa mgongo ni jambo la kawaida sana kwa watu wazima, na wengi hawajui kama wanao. Mara chache tu hukua na kubana neva. Miguu ikifa ganzi au kulegea, rudi.

21. Twende wapi?

Anza na daktari wa ngozi au wa watoto. Tanzania, chuo cha madaktari wa ngozi kilicho hospitali ya KCMC, Moshi, kinapokea wagonjwa kutoka nchi nyingi za ukanda huu. Kwa mifupa ipo MOI, taasisi ya mifupa iliyo Muhimbili, na kwa picha na tiba za kudunga mishipa ipo Muhimbili. Kenya ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Uganda ni Mulago. Omba daktari wa ngozi, wa mifupa, wa picha na wa upasuaji wasome faili moja, hata kama hawatakaa chumba kimoja. Beba picha zote za zamani, zikiwemo za simu zenye tarehe, na lile daftari la futi ya cherehani.